Mjusi wa kwenye Chrome: mwaka mzima wa kuruka mikonge dukani kwangu

Mwezi wa nane mwaka jana, msimu wa vijana kuomba mikopo ya chuo, watu kumi na wanne walijibana dukani kwangu kwenye nafasi ya watu sita. Nina steshenari Ngamiani, Tanga, Barabara ya 9: kompyuta mbili za mitumba, printa moja inayofotokopi, mashine ya lamineshen, na ruta ya intaneti niliyoitundika juu ya mlango ili nizione taa zake hata nikiwa nimeinamia kazi. Saa tano asubuhi taa ya kijani ikawa nyekundu. Mwenye duka kama langu anajua maana yake. Watu wakiiona rangi hiyo hunyanyuka mmoja mmoja, "dada, tutarudi," halafu unawaona wanaingia duka la pili yake.

Siku ile hakunyanyuka mtu. Kijana aliyekuwa kwenye kompyuta ya pili, fomu yake imeganda nusu, alibonyeza spesi. Yule mjusi mdogo wa kijivu anayesimama juu ya maneno ya hakuna intaneti akaruka mara moja, uwanja ukafunguka kulia kwake kama pazia, akaanza kukimbia. Wenzake wakamzunguka. Taa iliporudi kijani, dakika arobaini baadaye, wateja wangu walikuwa kumi na wanne vilevile, na mmoja alikuwa amenuna kwa sababu zamu yake ya kucheza ilikuwa bado.

Tangu siku hiyo nimekuwa mchezaji. Haya ni maoni ya mwenye duka aliyekaa na mchezo huu mwaka mzima, umeme ukiwepo na usipokuwepo.

Kwanza nieleze ni kitu gani, maana kila mtu amemwona mjusi huyu lakini bado nakutana na watu wazima wanaodhani ni picha tu ya kukupa pole. Ni mchezo wa kukimbia usio na mwisho, umo ndani ya kivinjari cha Chrome chenyewe. Hushushi kitu, hujisajili, huwashi data. Uliwekwa humo Septemba 2014, na mchoraji wake mmojawapo anaitwa Sebastien Gabriel. Mjusi anakimbia jangwani, wewe kazi yako ni kumrusha juu ya miiba na kumwinamisha chini ya ndege. Ukigonga kitu, umekufa, unabonyeza tena. Kwenye kompyuta unatumia spesi au mshale wa juu kuruka, mshale wa chini kuinama. Kwenye simu unamgusa kwa kidole. Na kama mtandao unao lakini hamu imekushika, andika chrome://dino pale juu panapoandikwa anwani, atakuja.

Miiba ile ni kakati, mimea ya jangwani ya Marekani, nadhani, ila hapa kwetu hakuna anayeiita hivyo. Watoto wa Tanga wameona mashamba ya mkonge tangu wakiwa mgongoni kwa mama zao, kwa hiyo dukani kwangu utasikia "ruka mkonge! mkonge wa tatu huo!" Na ndege wale wa kale wenye midomo mirefu wanaitwa kunguru, tena kwa chuki ileile tunayowachukia kunguru weusi wanaotupora vitumbua.

Sasa niseme kinachonifanya niusifu. Mchezo huu unaonekana wa kitoto mpaka ukae nao. Mwanzoni mjusi anakwenda mwendo wa mtu anayewahi daladala ambayo bado inapakia. Mkonge mmoja, mkonge mmoja, miwili iliyoshikana. Ukifika pointi 450 hivi, kunguru wa kwanza anatokea, na hapo ndipo wengi wanapoagana na dunia. Kunguru huyu anakuja kwa vimo vitatu. Wa chini kabisa unamruka kama mkonge. Wa katikati yuko usawa wa kichwa, inama. Wa juu hamhusu mjusi hata kidogo, umwache apite zake. Nimewahesabu wateja: wanaokufa kwa kunguru wa juu ni wengi kuliko wa chini na wa katikati ukiwajumlisha. Wanamwona, wanaingiwa na hofu, wanaruka, wanamfuata hukohuko juu kumgonga. Mimi mwenyewe ilinichukua wiki nzima kuzoeza kidole kutulia.

Kuna na ufundi mdogomdogo ambao hakuna aliyeuandika popote kwenye kioo. Ukigusa kitufe kidogo tu, mjusi anaruka mruko mfupi. Ukikishikilia, anakwenda juu zaidi. Na ukiwa hewani ukibonyeza mshale wa chini, anashuka haraka kama embe bivu. Hili la kushuka ndilo lililonitoa kwenye pointi mia nane kunipeleka elfu mbili, kwa sababu kasi ikishakuwa kubwa, tatizo linakuwa kutua, kuruka kila mtu anaweza. Unaruka mikonge mitatu iliyoshonana, bado uko hewani, na mwingine huo unakuja. Asiyejua kushuka hutua juu yake.

Na kila ukifika pointi 700 au kigawe chake, usiku unaingia. Kioo cheupe chote kinageuka cheusi, zinatokea nyota na mwezi, kama sekunde kumi na mbili hivi, halafu kunakucha. Mara ya kwanza nilidhani kompyuta imeharibika, nikamkimbilia mjusi kwa macho huku mkono unatafuta swichi. Baadaye ndiyo nikaona jambo lililonifurahisha kuliko yote: ule mwezi haurudi vilevile. Usiku huu ni kipande, usiku ujao umekua kidogo, na ukiishi vya kutosha unauona mpevu. Mtu aliyekaa ofisini huko kwao, anachora mchezo wa watu waliokosa mtandao, amekumbuka kwamba mwezi hukua. Ilikuwa karibu na Ramadhani nilipouona mwezi ule mwembamba kwenye kioo, na nikamwonyesha jirani yangu muuza kanga. Akaniambia, "Usiutangaze, watu watafunga bure."

Kuhusu haki, na hili nalisema kwa uzito: sijawahi kuuawa kwa dhuluma. Michezo mingi ya kukimbia inakutegea, inafika mahali inakuwekea vitu viwili ambavyo binadamu hawezi kuvikwepa ili ununue maisha mengine. Hapa nafasi kati ya mkonge na mkonge inatanuka kadiri kasi inavyopanda. Kila kifo changu nimekifanya mwenyewe.

Haya nayajua kwa sababu ya mpwa wangu, mtoto wa dada, anayesoma kompyuta chuoni. Alikuja likizo Desemba, akaukuta ule utaratibu wangu ukutani. Nilibandika karatasi ya A4 niliyoiandika MJUSI, yenye mistari kumi, na mwenye pointi nyingi kwa wiki anapata fotokopi tano bure. Ni shilingi mia tano tu kwangu, lakini ungeona watu wanavyozigombea. Siku ya tatu ya likizo yake mpwa akaniita: "Mama mdogo, njoo uone rekodi." Pointi elfu sabini na kitu. Mjusi anakimbia mwenyewe, anapita katikati ya mikonge kama jini, na kijana ndiyo kwanza anatoka kula ubwabwa. Kumbe alifungua ile sehemu ya watengenezaji ndani ya kivinjari, akaandika mstari mmoja wa kuuambia mchezo usahau kufa. Nikamfuta kwenye karatasi na kuweka sheria: pointi zisizoshuhudiwa na mimi hazihesabiwi.

Ila wizi wake ulinipa elimu. Alinionyesha humo ndani mjusi anaanza na kasi ya 6 na inakwenda ikipanda mpaka 13, haizidi. Kwa hesabu yake ni kama dakika mbili tu za mchezo. Baada ya hapo mchezo hauwi mgumu zaidi, unabaki wewe na uchovu wako. Hapo nakiri nilivunjika moyo kidogo. Nilikuwa nadhani huko mbele kuna kitu, pango, mto, mjusi mwenzake labda. Hakuna. Jangwa hilohilo, mawingu yaleyale. Watengenezaji wake walipohojiwa mwaka 2018, mchezo ulipotimiza miaka minne, walitania kwamba umetengenezwa uishe baada ya miaka milioni 17. Mwaka huohuo walisema huchezwa mara milioni 270 kwa mwezi, na kwamba wachezaji wengi wako nchi ambazo mtandao ni ghali au hautabiriki: India, Brazil, Mexico, Indonesia. Niliposoma hivyo nilicheka peke yangu. Tanga hatukutajwa, lakini tumo.

Nikirudi nyuma kidogo, mimi michezo ya namna hii sikuianzia hapa. Mwaka 2010 nikiwa nasoma Dar, tulikuwa tunalipia intaneti kafe kwa nusu saa, na rafiki yangu alinionyesha jamaa mmoja anayekimbia juu ya mapaa ya maghorofa, kitufe kimoja tu cha kurukia. Uliitwa Canabalt, kautoa Adam Saltsman mwaka 2009, na wengi huuona kama mama wa michezo ya kukimbia iliyofuata. Nilikuwa namaliza dakika kumi na tano za hela yangu humo, halafu naandika barua pepe kwa mkato. Ule ulichezwa kwa Flash, na Flash ilizikwa mwisho wa mwaka 2020, michezo mingi ya zama zile ikaenda nayo. Mjusi hakutegemea mtu, ndiyo maana bado yupo.

Wateja wangu wadogo watasema nimezeeka, kuna ile ya kisasa ya kukimbia kwenye reli, rangi tele, sarafu, viatu vya kununua. Ipo, na inachezeka kwenye kivinjari pia. Siku moja nilimruhusu mtoto wa mteja afungue mmoja wapo kwenye tovuti fulani ya michezo wakati mama yake anasubiri vyeti vya lamineshen. Ukafunguka polepole, likaja tangazo, akacheza kidogo, tangazo, akafa, tangazo. Mama hajaondoka, simu imeniletea ujumbe: bando la duka limefika ukingoni, na ilikuwa bado hata adhuhuri. Mjusi angemfanya mtoto yule atulie kwa shilingi sifuri. Hana tangazo hata moja, hakuulizi namba ya simu, hakukumbushi kesho kwamba hukucheza jana.

Sasa kasoro, maana siuzi mjusi.

Kwenye simu umepungukiwa. Kidole kinajua kuruka tu, ule ufundi wa kuinama na kushuka haraka hauna nafasi, na mjusi anakuwa mdogo kiasi kwamba kidole chako chenyewe ndicho kinachomficha. Anayetaka kuujua mchezo huu aucheze kwenye kibodi.

Pili, ukihamia dirisha jingine mjusi anasimama kukungoja, jambo zuri kwa mtu kama mimi ninayeitwa kila dakika, "dada, nitolee nakala mbili." Lakini ukirudi hakupi hata nafasi ya kuhema. Papo hapo anaanza, na kama ulimwacha mbele ya mkonge, basi umerudi kuzika.

Tatu ni sauti. Analia kakengele kila pointi mia. Umeme ukikatika, yupiesi yangu, ile betri ya kuishikilia kompyuta isizimike, nayo inalia ti, ti, ti kunihesabia dakika chache zilizobaki, na milio hiyo inafanana kama mapacha. Nilishawahi kushangilia pointi mia nilizodhani nimefikisha, kumbe ni kompyuta inaniaga.

La nne si kosa la mchezo bali la wanadamu. Spesi ya kompyuta ya pili imebonyea upande mmoja kama kitanda cha kamba. Watu hawaibonyezi, wanaipiga, kana kwamba ukiitwanga kwa nguvu mjusi ataruka mbali zaidi. Haruki. Kibodi nyingine imenigharimu shilingi elfu kumi na tano, na kwenye karatasi ya ukutani nimeongeza kwa wino mwekundu: RUKA KWA MSHALE WA JUU, SPESI NI YA KUCHAPIA BARUA. Wenye maduka wenzangu, chukueni hilo kutoka kwangu kabla halijawafika.

Nasikia kuna ofisi na shule ambako wasimamizi wa kompyuta wameuzima. Hilo linawezekana kweli, na waliotengeneza hawakukosa utani: ukizimwa, juu ya mjusi huchorwa kimondo kinachomshukia. Mwalimu mmoja mteja wangu alisema anakiona kila siku na anaelewa ujumbe.

Na rekodi yangu? Ni 2,871, na nina uchungu nayo. Ilikuwa baada ya magharibi, nimeshafunga mlango nusu, mtandao umekatika tangu alasiri. Nimekaa peke yangu na taa moja. Usiku wa nne wa mjusi ulikuwa umeshaingia, mwezi nimeuona umenenepa, vidole vinakwenda vyenyewe, sifikirii hata. Kunguru wa katikati, nainama. Mikonge mitatu, naruka, nashuka haraka, kunguru wa juu, natulia, anapita. Kona ya kulia inasoma 2,860, 2,865. Ghafla jangwa likapotea na mbele yangu ikatokea fomu ya mteja wa mchana, imejaa nembo na vidirisha vya kujaza. Mtandao ulikuwa umerudi, ukurasa ukajifungua wenyewe. Sikufa. Sikugonga chochote. Nilinyang'anywa tu nikiwa mzima. Maishani sijawahi kuitazama taa ya kijani kwa jicho lile. Tangu hapo nikitaka kucheza kwa nia ya rekodi naandika ile anwani ya chrome://dino, niwe na mtandao nisiwe nao, ili asinifungukie mtu.

Nikiulizwa nyota, natoa nne kati ya tano. Ile ya tano ningeitoa kama huko mbele kungekuwa na chochote, hata mti mmoja wa kivuli.

Lakini mtu aliyenifanya niandike haya ni mzee mmoja mstaafu, mzaliwa wa Lindi, anayekuja kufotokopi karatasi za kiwanja chake ambazo haziishi. Juzi alinikuta mtandao umekata. Nikamwamkia, nikampa kiti, nikamwambia babu, tusubiri kidogo. Akamtazama mjusi kwenye kioo kwa muda mrefu, akaniuliza, "Mwanangu, huyu ndiye yule mjusi wetu aliyepelekwa Ujerumani?"

Nikamweleza kwamba siye. Yule wa Tendaguru, kule Lindi, ambaye Wajerumani walimfukua kati ya 1909 na 1913, ana shingo ndefu na alikula majani. Mifupa yake imesimamishwa kule makumbusho ya Berlin, kimo chake kinapita mita 13. Huyu ni T-Rex, dinosaria wa Marekani ya Kaskazini, mla nyama, mikono kama ya mtoto mchanga.

Akatikisa kichwa. "Ndiyo maana huyu anakimbia. Wetu alibebwa vipande vipande."

Kisha akaomba ajaribu. Nilimwekea kidole kwenye mshale wa juu. Mara ya kwanza alifia mkonge wa kwanza, akasema hakuwa tayari. Mara ya tano akapita mia mbili. Alikuwa anacheza kwa kidole kimoja cha shahada, mkono mwingine umeshika fimbo, na kila mjusi akiruka na yeye anajinyanyua kidogo kwenye kiti. Alipofika 412 akagonga, akakaa kimya, akavua miwani akaifuta. Nilimwandika kwenye karatasi ya ukutani kwa kalamu nzito: Babu wa Lindi, 412. Ni wa tisa.

Mtandao ukarudi, nikamtolea nakala zake, akalipa, akasimama mlangoni chini ya ruta akiitazama ile taa. Akaniuliza kwa kawaida hukata saa ngapi.